Mtu Mzima Akikimbia Uvira

Nilikuwa nimejiandaa kwa serumu. Nilivaa kikwembe kizuri na blauzi ya mikono mifupi ili muganga asipate shida ya kutafuta mshipa, nikaenda kituo cha afya nikiwa na hakika kwamba nitalazwa walau mpaka jioni, chupa ikining'inia juu ya kichwa changu, majirani wakija mmoja mmoja kunihurumia na ndizi mkononi. Jirani yangu, muuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, aliwahi kutundikiwa serumu kwa ajili ya malaria na hadi leo anaisimulia. Mimi ambaye moyo ulikuwa ukinidunda miezi mingi kama mtu anayetwanga majani ya sombe, niliona zamu yangu imefika.

Muganga mwenyewe alikuwa msichana ambaye ningeweza kumzaa na bado nikabaki na nguvu. Alinipima presha, akanisikiliza kifua, kisha akaanza kuniuliza mambo yasiyohusu moyo hata kidogo: unalala vipi, unakula vipi, unaogopa nini. Nikamjibu kwamba mimi siogopi kitu. Muda huohuo mtu akaangusha ndoo huko nje, nami nikajikuta nimesimama wima, mkoba umebanwa kwapani, macho mlangoni. Yule msichana hakucheka. Alinisubiri nikae tena.

"Mama, moyo yako iko muzima," akasema. "Njo mwili yako iko tayari kukimbia kila saa, lakini haikimbiake. Unakaa, unashona, unakaa. Basi uipatie mbio yake. Kila asubuyi, kidogo kidogo, ukimbie."

"Nikimbie wapi?"

"Popote, Mama. Unakimbia, halafu unarudi."

"Na dawa?"

"Njo hiyo dawa."

Nilitoka pale bila kidonge, bila sindano, bila hata plasta ya kuonyesha watu. Muuza ndagala alikuwa ananisubiri langoni kwake, shingo ameinyoosha. Nikamwambia matokeo hayajatoka.

Kwa moyo wangu peke yake nisingekwenda kwa muganga. Nilikwenda kwa sababu ya Lubarika. Binti yangu wa mwisho alikuwa amechumbiwa na kijana wa huko, kwenye bonde la Ruzizi, watu wa mahindi na wa misa, wanaozungumza Kirundi nyumbani na Kiswahili sokoni. Bibi wa kijana alikuwa mzee asiyeweza tena kupanda gari, hivyo tukakubaliana ndoa ifungwe kwenye parokia yao. Mimi nilikuwa wa kwanza kupiga makofi. Lakini kufika Lubarika lazima kwanza utoke Uvira, na mimi nilikuwa siwezi tena kutoka Uvira.

Mara ya kwanza, tulipokwenda kusalimiana na wakwe, nilishuka kwenye gari kwenye barieri ya kwanza, kizuizi cha askari, nikasema nimeacha jiko linawaka. Hakukuwa na jiko lolote lililowaka. Mara ya pili nilifika mbali zaidi, mpaka pale ambapo milima inajitenga na barabara na bonde linafunguka, mashamba kushoto na kulia, hakuna hata ukuta mmoja wa kujibanza. Mikono ikawa baridi, masikio yakajaa kelele, pumzi ikakataa kushuka. Nikaomba gari lisimame, nikarudi Songo, mtaani kwetu, na pikipiki ya kwanza iliyopita. Binti yangu akaendelea na shangazi zake, na huko akawaambia wakwe kwamba mama anaumwa meno. Aliporudi hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Alisema tu, akiwa ananisaidia kukunja nguo za wateja: "Siku ya ndoa sitasema tena meno, Mama. Kama haukuye Lubarika, nitaingia kanisani na gauni bila pindo. Bantu bote baone."

Hapo alinishika pabaya. Mimi ni mshonaji, na nina mwiko wangu wa kazi: pindo la gauni la bibi arusi silishoni kabla ya siku yenyewe. Nalishona kwa mkono, asubuhi ya ndoa, bibi arusi akiwa amesimama ndani ya gauni na viatu vyake miguuni. Wengi wa Songo wameolewa hivyo, na hakuna aliyerudishwa kwao, au kama alirudishwa basi si kwa sababu ya gauni. Sasa la mwanangu mwenyewe lingepindwa na nani? Na hata kama ningefika, mikono yangu siku hizo ilitetemeka hivi kwamba uzi haukuingia kwenye tundu la sindano mpaka mume wangu avae miwani aje kunitungia. Niliogopa. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa bunduki, maana bunduki ukiikimbia inabaki nyuma, lakini hili lilikuwa linalala nami kitandani.

Kwa hiyo nikaazima basketi za binti yangu, viatu vyake vya michezo, nikavaa kaptula ya mume wangu ndani na kikwembe juu, nikatoka alfajiri. Mume wangu ni mtu wa redio na kiti. Aliponiona akapunguza sauti ya redio.

"Unaenda wapi?"

"Kukimbia."

"Tena? Kuko nini?"

"Hakuna kitu. Muganga njo amesema."

Akaisogeza redio sikioni, asikie kama nayo imesema kitu.

Hapa inabidi nikumbushe jambo ambalo mtu wa Uvira halihitaji kukumbushwa. Sisi tumekimbia sana. Tumekimbia risasi, tumekimbia mto ulipoingia ndani ya nyumba, tumekimbia uvumi ambao baadaye tuligundua ulianza na mlango uliobamizwa na upepo. Mtoto akikimbia, ni mchezo. Kijana akikimbia, ameiba au ameibiwa. Lakini mtu mzima, mama mnene mwenye wajukuu, hakimbii miibani bure: ama anamfukuza nyoka, ama nyoka anamfukuza yeye. Nami, ambaye nimezaliwa hapa na kukimbia hapa, nilitoka alfajiri ile nikakimbia katikati ya avenyu yetu bila kulifikiria hata kidogo.

Mtu wa kwanza kuniona alikuwa muuza ndagala, akiwa langoni na beseni lake.

"Nini iko nakufukuza?" akapiga kelele.

Nilikuwa sijafika hata nyumba ya tano na pumzi ilikuwa imeshaisha. Sikuweza kumjibu. Nikampungia mkono, nikimaanisha hakuna kitu, endelea na mambo yako. Yeye aliona mkono unaosema kimbia. Hapa kwetu hakuna anayeuliza mara mbili. Nilisikia jina la kila mtoto wake likiitwa kwa mpigo, kisha lango, kisha nyayo.

Malango mengine yakafunguka. Sikugeuka, nilikuwa nashughulika na mapafu. Lakini kelele nyuma yangu zilikuwa zinaongezeka: sapatu, vyungu, mbuzi mmoja aliyekuwa hataki, mtu anayemwita Mungu kwa Kifuliiru. Mwishowe nikageuka. Avenyu nzima ilikuwa inakimbia. Magodoro yalikuwa vichwani. Mzee mmoja alikuwa amebeba mlango wa nyumba yake, sijui kwa hesabu gani. Nikaona watu wote wale, nyuso zile, nikasema moyoni: kumbe kuna vita!

Basi nikakimbia kwa kweli.

Tulisimama ziwani kwa sababu baada ya hapo kuna maji tu. Watu walihema, wakahesabu watoto, kisha wakaanza kuulizana nani ameona nini. Huyu alimwona yule, yule alimwona mwenzake mwenye godoro, mwenye godoro alimwona muuza ndagala, na muuza ndagala, beseni bado kichwani, akanyoosha kidole kwangu. Wote wakageuka.

"Mama, nini iko nakufukuza?"

"Muganga," nikasema.

Sitayaandika niliyoambiwa. Watu wenye magodoro vichwani wana msamiati mpana. Mkubwa wa avenyu alinikataza kukimbia tena bila kutoa habari, na mwenye mlango alitaka nimsaidie kuurudisha. Lakini katikati ya matusi yale niligundua jambo, nikawa nimesimama tu nikilisikiliza. Moyo wangu ulikuwa unadunda vibaya, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi ulikuwa na sababu. Halafu, bila mtu kuuambia, ukaanza kupunguza. Ukapunguza, ukapunguza, ukatulia. Nilikuwa nimesahau kwamba moyo unajua kushuka wenyewe. Usiku ule nililala mpaka mume wangu akaja kuhakikisha kama napumua.

Nilitaka kurudia. Ila nirudie vipi, na avenyu nzima ikiwa inaniangalia miguu?

Mume wangu ndiye aliyepata hila, bila kuinuka kwenye kiti. Akauliza: hapa Uvira ni nani anakimbia asubuhi na hakuna anayeshtuka? Nikafikiri. Ni mtu anayekwenda kuchota maji. Bomba letu la mtaa hutoa maji linapotaka, na linapotaka, watu hukimbia. "Basi, ubebe bidoni," akasema, akaongeza sauti ya redio.

Kesho yake nikatoka na bidoni tupu ya njano, dumu la maji. Ilinipiga paja kila hatua, pwa, pwa, lakini kweli, hakuna aliyeshtuka. Muuza ndagala alikuwepo langoni. Safari hii nilikuwa nimeapa kutopunga mkono. Nikatabasamu tu.

Nilikosea kutabasamu. Mwanamke anayekimbia na bidoni huku akitabasamu anajua kitu ambacho wengine hawakijui.

"Maji imetoka?" akauliza, na kabla sijameza mate nikasikia bidoni yake inagonga lango. Kisha nyingine. Kisha nyingi. Wanawake wa avenyu nzima walikuwa nyuma yangu, bila kelele, maana mtu anayewahi maji hataki kuwaamsha wengine.

Ningeweza kusimama. Ningeweza kugeuka na kusema, jamani, ni mazoezi. Lakini walikuwa wamenitukana sana siku iliyotangulia, na mimi si mtu wa kusahau haraka. Nikaongeza mwendo. Nikapita bomba la mtaa bila kulitazama, nao wakafikiri nimesikia habari za bomba lingine lililo bora. Nikazunguka shule, nikapita nyuma ya soko dogo, nikashuka kuelekea ziwani, nikapanda tena, bidoni zote zikinifuata pwa, pwa, pwa. Mwishowe pumzi ilinisaliti palepale pa mwanzo, mbele ya bomba letu. Muuza ndagala alinipita akalifungua. Lilikohoa hewa, likanyamaza.

Nilidhani watanipiga. Walikuwa wamenizunguka, wamelowa jasho, mmoja amepoteza sapatu. Kisha muuza ndagala akaketi juu ya bidoni yake, akanitazama kwa muda mrefu, na tumbo lake likaanza kutikisika. Akicheka yule huwezi kubaki umenuna. Tulicheka mpaka wengine wakashikilia ukuta.

"Weye mama utatuua," akasema, akifuta macho kwa ncha ya kikwembe.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa nimeamua kupumzika, miguu iliniuma kama vile nimeazima ya mtu. Lango likagongwa. Alikuwa yeye, bidoni mkononi, uso umekunjwa kwa makusudi.

"Jana nimelala kama muntu balimunywesha dawa," akasema. "Leo tunaenda kutafuta maji wapi?"

Ndivyo tulivyoanza. Wengine walijiunga kwa sababu ya mwili, wengine kwa umbea, maana ukikimbia kila asubuhi unajua nani amelala nje. Mume wangu alitupa jina la Bamama ba Maji Hakuna. Mwanzoni tulibeba bidoni, baadaye tukaona zinachosha, tukaanza kuimba badala yake, nyimbo za kwaya, kila mtu kwa sauti ya kanisa lake, Wakatoliki wakivuta huku na Waprotestanti wakivuta kule. Tulikuwa na sheria moja tu: usikimbie bila kuimba. Mtu anayekimbia vita haimbi. Ukitusikia tukiimba mlangoni kwako, unageuka upande wa pili unalala.

Na kukimbia kunafungua midomo kuliko chai. Siku moja, tukiwa tunatembea kidogo ili mapafu yatukute, muuza ndagala akaniambia, bila kunitazama, kwamba yeye alikuwa analala na viatu miguuni. Mwaka wa ngapi sasa, hakusema. Ndiyo maana siku ile alikuwa wa kwanza kutoka. Nilikuwa nimemcheka sana kwa mbio zake zile, na beseni lake. Tulitembea mpaka kona, kisha nikamuuliza kama sasa anavivua.

"Kimoja," akasema.

Nisidanganye mtu. Woga haukuisha. Mvua iliponyesha siku kadhaa mfululizo na tukabaki ndani, moyo ulirudia kutwanga, na mlio wowote kutoka milimani upande wa Mulenge uliniweka mlangoni na mkoba, hata kama ulikuwa wa radi. Nilimrudia yule muganga kulalamika. Akaniuliza mvua imeacha lini. Nikasema jana. Akauliza kwa nini basi niko kwake. Ana mdomo yule msichana, nimeanza kumpenda. Lakini niliona tofauti mwenyewe. Zamani woga ulikuwa mgeni anayekaa kitako nyumbani kwangu akila na kunenepa. Sasa nilikuwa namtoa nje kila asubuhi, namkimbiza, na tukirudi amechoka kuliko mimi. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Nikaanza kulivuta kundi letu kuelekea kaskazini. Leo mpaka karibu na barieri, wiki nyingine mpaka barieri yenyewe, pale niliposhukia na uongo wangu wa jiko. Wenye barieri walituzoea, wakawa wanatucheka. Siku moja nikaipita bila kujua. Muuza ndagala ndiye aliyenigusa bega akanionyesha ilivyo nyuma yetu, nami nikalia pale barabarani, nikiwa nimevaa kaptula ya mwanaume, mbele ya askari.

Siku ya ndoa ikakaribia. Binti yangu alitangulia Lubarika na baba yake. Gauni angeweza kulichukua. Aliliacha limetundikwa kwenye msumari juu ya cherehani yangu.

"Juu ya nini haulibebe?" nikamuuliza.

"Libakie na weye," akasema. "Njo litakuleta."

Tukaondoka alfajiri ya siku yenyewe, mimi na kundi langu, gauni limefungwa ndani ya shuka jeupe mapajani mwangu, sindano na uzi vimechomekwa kwenye blauzi. Mvua ilikuwa imenyesha. Barieri tuliipita. Milima ikajitenga, bonde likafunguka, mashamba kushoto na kulia, na mikono yangu ikaanza kupoa. Muuza ndagala alikuwa ananiangalia.

"Imba," akasema.

Nikaimba. Sauti ilitoka kama ya mbuzi, lakini ilitoka, na wenzangu wakaidaka. Tuliimba mpaka dereva akaomba tubadilishe wimbo.

Tulikuwa tumebakiza kipande kidogo, paa la kanisa linaonekana kabisa, gari likaingia matopeni mpaka tumboni. Dereva akashuka, akalizunguka, akasema tusubiri vijana wa kulitoa. Tukasubiri. Kukaa ndiko kunakoniua mimi. Gari limesimama, uwazi pande zote, saa inakwenda, pumzi ikaanza kukataa. Nikashuka ili nisimame. Ndipo ikaja pikipiki kutoka mbele, ikielekea tulikotoka, na mwendeshaji akapunguza mwendo kando yangu.

"Mama, Uvira?"

Nilimtazama mtu yule kama anayenijua tangu zamani. Kiti chake cha nyuma kilikuwa kitupu na kikavu. Muuza ndagala alikuwa ananitazama kutoka dirishani.

Niliinua kikwembe nikakifunga juu ya magoti. Nikajitwisha gauni la mwanangu kichwani ndani ya shuka lake, mkono mmoja ukilishika. Kisha nikaipa pikipiki mgongo, nikakimbia kuelekea Lubarika.

Nyuma nikasikia milango ya gari. Walikuwa wanakuja, wote, na sufuria zao, na vikapu vya zawadi, na bidoni ya njano ya kasiksi, pombe ya ndizi tuliyowaletea wakwe. Tulipaswa kuimba. Ndiyo sheria, na mimi ndiye niliyeitunga. Lakini ni nani anayeweza kuimba kwenye tope lile, na mzigo kichwani?

Msomaji ameshaelewa. Sisi hatukuwa tumeelewa bado. Tulimwona mtu wa baiskeli akija, akatuona, akageuza baiskeli bila kushuka. Kisha tukasikia filimbi, kisha kelele, na wale wanakwaya waliokuwa wamejipanga nje ya kanisa na sare zao wakaingia kwenye mahindi kwa mstari uleule, sauti ya kwanza, sauti ya pili. Padri aliwafuata, kanzu ameishika kwa mikono miwili. Tulipofika uani kwa wakwe, viti vilikuwa vimelala chali, maharage yalikuwa yanaungua, na hapakuwa na mtu isipokuwa mume wangu, ambaye alikuwa bado kwenye kiti na sahani mkononi.

"Nimeona bidoni ya njano," akasema, "nikajua ni nyinyi."

Na mlangoni alikuwa amesimama binti yangu, na gauni lake la ndani na viatu vya ndoa, nywele zimetengenezwa tayari. Alikuwa anacheka na machozi yanamharibia poda.

"Bote bamekimbia, Mama," akasema. "Balinivuta na mikono. Minye nikakatala. Mbio yako naijua."

Nilikaa kwenye kiti kimojawapo nilichokiinua, shuka mapajani, nikihema. Moyo ulidunda, kisha ukaanza kupunguza, kama kawaida yake siku hizi. Mahindi yakatikisika, akatoka mama wa kijana, bamwana wangu, mtu niliyezungumza naye kwa simu tu mpaka siku ile. Alikuwa na tope mpaka magotini, na kichwani alikuwa amebeba keki ya ndoa. Katika yote yaliyokuwa uani pale, ndiyo aliyoiokoa. Aliiweka mezani polepole, akanitazama mimi, akatazama barabara nyuma yangu, akanitazama tena.

"Bamwana," akasema, "nini iko nakufukuza?"

Nilifungua mdomo kumjibu kwa haraka, kwa mazoea. Kisha nikafunga, nikatafuta. Nikatafuta kifuani, nikatafuta mgongoni pale panaposisimkaga, nikasikiliza hata nyuma yangu barabarani.

"Hakuna, bamwana," nikasema. "Hakuna kintu. Nilikuwa nakuya tu."

Akavuta kiti akakaa kando yangu, na tope lake. Nikamwambia binti yangu aje asimame mbele yangu ndani ya gauni, nikachomoa sindano kwenye blauzi, nikakata uzi, na mume wangu akaanza kutafuta miwani. Nikamwambia aache. Uzi ulikuwa umeshaingia.